Vidonda vitatu na hapana mbili

Jumatano, saa saba mchana. Mvua ya asubuhi imepita haraka, sasa jua linachoma, na harufu ya mawese yanayochemshwa kwenye mashine za jirani inaingia hadi chumbani. Siku nyingine naipenda. Leo tumbo langu halitaki kusikia habari ya mafuta.

Siwezi kutulia. Nimefagia ua ambao ulikuwa umeshafagiliwa. Nimeanza kusahihisha madaftari ya wanafunzi wangu, nikayaacha kwenye daftari la tatu, maana nilimpa mtoto wa watu alama mbovu kwa insha ambayo, nilipoirudia, ilikuwa nzuri kuliko zote. Mama mkwe ameniuliza kama kuna kitu natafuta. Nimemjibu hapana.

Neno hilo limeniganda tangu jana.

Jana nilikuwa Bujumbura kwa kipimo cha kamera ya tumbo. Kwa asiyejua, na mimi sikujua mpaka nilipopewa karatasi ya maelekezo: unashinda kutwa ukinywa maji yenye dawa mpaka tumbo libaki tupu kabisa, kesho yake unalazwa ubavu, unachomwa sindano ya kukulegeza, kisha mpira mwembamba wenye taa na kamera unapitishwa kwa njia ya nyuma. Ndiyo, huko huko. Nimeshaandika na sirudii.

Nilidhani nitalala. Sikulala, nililegea tu, na skrini ilikuwa mbele ya uso wangu. Basi nikaangalia tumbo langu mwenyewe kwa ndani.

Shajara, tumbo ni zuri. Sikulitegemea hilo. Lina rangi ya pinki, linang'aa kwa unyevu, na mishipa myembamba myekundu imetawanyika kila upande. Kamera ikawa inakwenda, inakata kona, inakwenda, nami nikaanza kujivuna kidogo. Miezi yote hii ya kuharisha na kuona damu, kumbe ndani niko safi hivi?

Kisha, mwisho kabisa, pale utumbo mwembamba unapoingia kwenye utumbo mpana, nikakiona cha kwanza.

Kidonda cha duara. Kikubwa, kimezama, chini kimetandwa na utando mweupe unaoelekea manjano, na ukingo wake umekatika sawasawa, kama ukikandamiza kizibo cha chupa kwenye unga wa mandazi uliokandwa. Karibu yake kulikuwa na viwili vidogo, vya duara vilevile. Na katikati yao ngozi ya utumbo ilikuwa nzima, haina hata wekundu.

Dokta alinyamaza. Ni mama wa makamo, Mkongomani wa Bukavu, na tangu nilipoingia alikuwa haachi kuongea: barabara, mvua, watoto wa siku hizi na simu zao. Alipofika pale akanyamaza. Akapiga picha, akageuza kamera, akapiga nyingine, akachukua vipande vidogo vya nyama vya kupeleka maabara. Sikusikia maumivu yoyote. Ule ukimya wake ndio niliousikia.

Baadaye alitukalisha, mimi na Yoeli mume wangu, akatuwekea picha mezani. Alieleza vizuri sana, na mimi mwalimu najua kueleza vizuri ni kazi. Alisema hapa kwetu mtu akiwa na vidonda mahali pale, anayeshukiwa kwanza ni kifua kikuu, maana pamoja na jina lake hushuka hadi tumboni. Lakini vidonda vya kifua kikuu mara nyingi hukata utumbo kwa upana na kuuzunguka kama mkanda. Kuna ugonjwa mwingine, Crohn, ambao vidonda vyake hukimbia kwa urefu, na ngozi iliyobaki hufanya vinundu vinundu. Vyangu havifuati desturi ya huyu wala ya yule. Ni vichache, vya duara, vimechimba kwenda chini, na kila kimoja kimejitenga. Hilo lilimkumbusha ugonjwa ambao katika miaka yake yote ya kazi ameuona mara chache mno. Unaitwa Behçet, na ile c ina kijimkia chini. Ni mwili kujigeukia wenyewe. Mishipa ya damu huvimba, na vidonda hutokea mdomoni na tumboni, na macho nayo huvimba, hata mtu anaweza kupoteza nuru.

Halafu akavua miwani.

"Macho yangu peke yake haitoshi, Mama. Hivi vidonda vinajua kuigana. Unisaidie na majibu ya kweli."

Akatuambia kwa nini. Dawa za Behçet hulaza kinga ya mwili. Ukimpa mtu mwenye kifua kikuu, umemwachia mdudu nyumba nzima. Na ukimpa mwenye Behçet dawa za kifua kikuu, atameza vidonge miezi sita huku vile vidonda vinaendelea kuchimba. Siku kimoja kikitoboa utumbo ni kupasuliwa haraka, na kutoka kwetu Rumonge mpaka kwenye chumba cha upasuaji ni mbali kwa mtu ambaye tumbo lake limepasuka.

Akaanza kuuliza.

Vidonda vya mdomo? Ndiyo, tangu nikiwa mtoto kambini, upande wa Kigoma, ambako wazazi wangu walikuwa wakimbizi na mimi nikazaliwa. Ugali wa moto nilikuwa naula kwa machozi. Macho kuwa mekundu? Ndiyo, mwaka jana, wiki tatu. Viungo kuuma? Ndiyo, magoti.

Vidonda sehemu za siri?

Yoeli alikuwa amekaa kando yangu, goti lake linagusa langu.

Nikasema hapana.

Ukichomwa sindano au ukijikata, hapo huwa panaota kijipu chenye usaha?

Nikasema hapana.

Na hizi alama za tumbo ni za nini? Alikuwa ameziona aliponibonyeza: kumi na mbili, mbili mbili, zimezunguka kitovu. Nikamwambia nilikuwa nakaanga ndagala, wale dagaa wa ziwani, na mafuta yakaniruka. Mafuta yenye adabu hayo, yanayoruka mawili mawili na kujipanga duara. Dokta alinitazama, akamtazama Yoeli, na Yoeli akatazama viatu vyake. Basi akaandika. Kifaransa changu ni cha kuokoteza, lakini neno non, hapana yao, naweza kulisoma hata karatasi ikiwa juu chini, na nililisoma mara mbili.

Kwa majibu yale, akasema, vidonda hivi vinamtia mashaka lakini hana pa kushikia, na majibu ya maabara yatachelewa. Afadhali tuanze na kifua kikuu. Akanipa karatasi ya kupeleka kituo cha afya hapa Rumonge. Kesho Alhamisi asubuhi nameza kidonge cha kwanza.

Kesho.

Sasa niandike ukweli, maana hapa hakuna anayenigusa goti.

Zile alama ni chale. Alinichanja mama mkwe. Ni mwanamke aliyevuka ziwa kutoka upande wa Fizi, Kongo, na watoto wanne, akaanza upya hapa kwa kuanika ndagala za watu mpaka akawa na zake, na leo ndiye kiongozi wa kina mama kanisani kwetu. Tumbo langu lilipoanza, alivumilia miezi mitatu ya vidonge vya duka la dawa. Siku moja mchana aliniita jiko la nyuma, akafunga mlango, akafungua wembe mpya. Aliomba kwanza, kwa jina la Yesu, maombi marefu. Kisha akanichanja, akapaka majivu ya majani aliyofundishwa na mama yake, yamechanganywa na tone la mawese.

Siku ya pili zilikuwa zimevimba, na ya tatu kila chale ilikuwa na usaha. Kila asubuhi alizikamua kwa maji ya vuguvugu na chumvi, na sote wawili tulifurahi. Ndiyo, tulifurahi. Tulisema uchafu unatoka, ugonjwa umepata mlango. Alinikumbatia, mimi nikamwamini, na kusema kweli hata tumbo lilitulia wiki moja.

Kanisani kwetu chale ni uganga, basi. Wembe mpya haukuokoi, wala jina la Yesu lililotangulia. Unatengwa. Unakaa benchi la nyuma, husogei meza ya Bwana, hushiki kipaza sauti, na watu wazima wanakusalimia kwa ncha za vidole. Yoeli ni shemasi. Ningesemaje mbele ya shemasi kwamba aliyenichanja ni mama yake? Hata yeye nilimwambia ni mafuta.

Na ile hapana nyingine ni mbaya zaidi, kwa sababu hiyo hakuna wa kumlinda ila mimi. Vile vidonda vya huko nimevipata mara tatu. Kila mara nilimwambia Yoeli niko katika siku zangu. Nilikwenda kununua dawa Nyanza-Lac, saa nzima na zaidi ya safari, ili tu muuzaji asiwe mtu anayejua jina langu. Niliogopa swali moja tu la mume: umevitoa wapi? Sijawahi kuwa na mwanamume mwingine. Lakini mwanamke akionekana na kidonda mahali pale, nani hungoja maelezo?

Basi nimedanganya, na kwa sababu nimedanganya, kesho nitameza dawa ambayo pengine si yangu.

Nimeandika hadi hapa nikijikuna mkono wa kushoto bila kufikiri. Sasa hivi nimeuangalia. Pale walipochoma sindano jana pameota kitu chekundu, kigumu, na juu kina kichwa cheupe.

Usaha.

*

Saa kumi na mbili jioni.

Narudi.

Baada ya kuandika yale nilitoka nje. Mama mkwe alikuwa mlangoni pa jiko, ungo wa maharage mapajani. Nikamnyooshea mkono bila kusema kitu. Aliushika kwa muda mrefu, akakigusa kile kijipu pembeni, taratibu, bila kukikamua. Anawajua hawa vijipu. Alilala nao na kuamka nao siku kumi.

Nikamweleza maswali ya Dokta, yote isipokuwa lile moja. Nikamweleza kwamba usaha ule haukuwa ugonjwa kutoka. Huenda ulikuwa ndio ugonjwa wenyewe unajitaja, ngozi yangu haivumilii kuchomwa, na Dokta aliniuliza hilo waziwazi nikakataa. Nikamwambia nataka kumpigia simu.

Akauachia mkono wangu, akarudia maharage yake. Halafu akasema, sauti ya chini, "Ukisema, Mama Neema, kanisa itasikia. Na Yoeli iko shemasi."

Na ni kweli. Nilisimama pale na simu mkononi nikilifungua na kulifunga jina la Dokta. Nilikuwa na hasira na mama mkwe, kisha nikamwonea huruma, kisha nikajionea huruma mimi, na yote hayo kabla maharage hayajaongezeka kiganja kimoja kwenye sufuria. Nikapiga.

Simu yangu haisikiki mpaka uweke spika, kwa hiyo tulikuwa watatu. Nikajitambulisha. Nikasema jana sikusema kweli, alama za tumbo si mafuta, ni chale, na leo mahali pa sindano pameota kijipu. Dokta hakushtuka wala hakunigombeza. Aliuliza chale zilikuwa ngapi. Kumi na mbili. Akauliza ngapi zilitoa usaha.

Hata hapo, shajara, hata hapo nilianza kupunguza. Nikasema kama tatu, au nne hivi, sikumbuki vizuri. Nilitaka ionekane ndogo, ionekane bahati mbaya, ili aliyezichanja asionekane ameniharibu.

Mama mkwe akaweka ungo chini.

"Zote, Dokta," akasema kwa sauti ile anayosomea matangazo kanisani. "Zote kumi na mbili. Mimi njo nilikata, na mimi njo nilikuwa nazikamua."

Nilisikia kalamu ikikimbia kwenye karatasi. Kisha Dokta akamshukuru, akamwita Mama, akamuuliza majani ni yapi, usaha ulianza siku ya ngapi, ulikauka baada ya siku ngapi. Mama mkwe akajibu kila swali sawasawa, bila kujitetea. Sijawahi kuona mtu anajishtaki kwa mpangilio mzuri namna ile.

Dokta akaniambia nisiguse kile kijipu, nisimeze vidonge kesho, na kesho hiyohiyo niwe kwake kabla ya saa nne akione kwa macho yake. Alisema wazi kwamba hilo halijawa jibu. Lakini vidonda vya duara pale mwisho wa utumbo mwembamba, vya mdomo, jicho, na ngozi inayokataa sindano, ni mambo manne yanayoelekeza upande mmoja. Kisha akauliza, kana kwamba ni jambo dogo, kama jibu la lile swali lingine lilikuwa vilevile. Nikatazama chini. Nikamwambia nitalijibu kesho. "Sawa, Mama," akasema, na nikaelewa kwamba alijua tangu jana.

Tulipokata simu nilimwambia mama mkwe murakoze. Akasema nisimshukuru, aliniumiza. Akarudia, aliniumiza siku kumi nzima na alikuwa anamsifu Mungu kwa hilo. Akalia kidogo, kwa hasira, kama mtu anayelia mbele ya wageni. Mimi nililia zaidi yake. Kisha akasema kesho tunakwenda wote, na yeye mwenyewe atamwambia mchungaji kabla mtu mwingine hajamtangulia.

Yoeli alirudi saa kumi, nguo zimelowa mawese. Yeye ni fundi wa zile mashine za kukamulia. Nikampeleka nyuma ya nyumba, maana ningengoja aoge ningeghairi. Nilianza na jambo jepesi. Nikamwambia zile alama si mafuta.

"Nilijua," akasema.

Akapandisha shati. Kwenye mbavu zake, mahali ambapo mkono wangu umepita miaka tisa bila kuuliza, kuna mistari midogo, myembamba, miwili miwili. Mama yake alimchanja akiwa mdogo, kwa kikohozi. Zake zilipona siku ile ile, hazikuota hata kipele. Nilikuwa nadhani ni makovu ya utotoni tu, ya miiba.

Kwa hiyo jana alijua. Alinisikia nikimwambia Dokta habari za ndagala, na alijua, na akatazama viatu. Niliona hasira inapanda mpaka masikioni. Nikamuuliza kama angeniacha nimeze zile dawa. Akasema tangu jana hajalala, alikuwa anatafuta namna ya kusema ambayo haitamtaja mama yake, na hakuipata. Nilitaka kumpigia kelele. Lakini mimi nami nilikuwa natafuta namna hiyohiyo, kwa hiyo kelele ningeanza kuipiga wapi?

Basi, kwa hasira ileile, nikamwambia la pili. Nadhani bila hasira nisingeweza. Nilisema haraka, nikitazama ukuta: vidonda, wapi, mara tatu, Nyanza-Lac, siku zangu ambazo hazikuwa siku zangu. Nikasema Dokta ndiye aliyeuliza, maana ugonjwa wenyewe huvitoa huko vilevile. Nikasema sijawahi kutoka nje ya ndoa, akitaka kuniamini aniamini.

Nilihesabu mashine ya jirani ikizunguka, ikikwama, ikizunguka. Nilishaanza kupanga nguo kichwani, zipi zangu, zipi za mtoto wetu Neema.

Akauliza, "Inakuuma?"

Hilo tu. Nikaitikia kwa kichwa: ndiyo, sana, hata kutembea. Akasema mwaka jana nilifundisha wiki nzima nikiwa nimesimama na yeye akadhani nimekasirika naye. Kisha akaenda kuoga. Leo ni siku ya mazoezi ya kwaya na yeye ndiye anayeshika funguo za kanisa, lakini amempa mtu mwingine funguo na amekaa kizingitini, nyuma ya mgongo wangu, anachonga mpini wa jembe ambao hauna haraka yoyote.

Sijui anawaza nini. Nisijidanganye kwamba swali moja la upole limemaliza kila kitu. Labda usiku swali lile lingine litamjia, nililoliogopa miaka yote, na labda ataniuliza. Na kile cha duara kiko palepale, kinachimba, hakijali kwamba leo tumesema kweli.

Amesema kesho kwa Dokta anaweza kukaa nje, nikitaka. Nimemwambia aingie. Mama yake naye aingie.

Atakachosema Dokta sikijui. Changu nakijua, na nitakisema kabla hajaniuliza.